Kutoka Pangani Hadi Same: Nani Aliwafanya Wapare?

Mwalimu anapoita majina asubuhi katika shule yoyote ya mjini Same, kwa dakika chache anasoma historia ya nchi nzima. Msuya. Mshana. Msangi. Mgonja. Mmbaga. Mchome. Mbwambo. Mziray. Baadhi ya majina hayo yamebeba mahali: Usangi, Gonja, Mbaga, Chome. Mengine yamebeba kazi na ugomvi wa zamani, kwa maana Mshana ni wa ukoo wa wahunzi, na Msuya ni wa ukoo uliowanyang'anya wahunzi hao utawala karne nyingi zilizopita. Halafu linaitwa jina la Kisambaa linaloanza na She-, linafuata la Kimaasai, la Kikamba, la Kichaga, na katikati wanaitikia watoto wasio na jina la ukoo kabisa, wenye la baba na la babu tu, kama walivyozoea Waislamu wa pwani.

Same haina bahari wala ziwa. Ni mji wa tambarare kavu, kwenye kivuli cha mvua cha milima ya Upare, wenye mibuyu, miiba na vumbi jekundu. Mvua inayonyesha Shengena, kilele cha mita 2,462 kinachoonekana juu ya msitu wa Chome, mara nyingi haifiki mjini. Mahali kama hapa pasingetarajiwa kuvuta watu wa mataifa, dini na lugha mbalimbali. Lakini walivutwa, na njia iliyowaleta ilianzia mahali palipokuwa na kila sifa ya mji wa bandari wa Kiarabu: Pangani.

Mto ndio kiungo. Maji yanayoingia baharini mbele ya nyumba za mawe za Pangani ndiyo yaliyopita chini ya Upare, ambako watu huuita mto huo Ruvu. Katika karne ya 19 Pangani ilikuwa mlango wa pembe za ndovu na wa watumwa waliotoka Kilimanjaro, Upare, Usambara na Umaasaini. Ukitaja "mji wa Waarabu" unakuwa umetaja tabaka moja tu la wakazi wake. Palikuwa na Waarabu wa Oman, wenye mashamba ya miwa kandokando ya mto na watumwa wa kuyalima. Palikuwa na Washirazi, ambao majumbe wao walijiona wenye mji tangu kabla ya sultani wa Zanzibar kumweka liwali. Palikuwa na Wahindi, Mabaniani na Makhoja, waliokopesha bidhaa na fedha za kuandaa misafara, hata mwenye msafara akawa anatembea na deni kichwani zaidi ya mzigo. Palikuwa na Washihiri wa Hadhramaut, Wazigua na Wabondei wa vijiji vya jirani, wapagazi Wanyamwezi, watumwa, na waliokuwa watumwa ambao sasa walivaa kanzu na kutaka kuitwa waungwana.

Mwanahistoria Jonathon Glassman, aliyeichunguza Pangani ya miaka hiyo kwa kina, ameonyesha kwamba mji ule haukuwa na amani ya kila mtu kukaa mahali pake. Kila kundi lilikuwa likisukuma mlango wa kundi la juu yake. Agosti 1888, wakala wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, Emil von Zelewski, alipoiingilia bendera ya sultani na kuwadharau wakubwa wa mji, uasi uliolipuka ulibeba hasira nyingi tofauti kwa pamoja. Kiongozi aliyeupa jina, Abushiri bin Salim al-Harthi, mwenyewe alikuwa mtoto wa mchanganyiko: baba Mwarabu, mama Mgalla, kama watu wa pwani walivyowaita Waoromo. Alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

Watu wa Upare waliijua Pangani kabla ya kumjua Mjerumani. Misafara ilipanda kwa kufuata mto hadi Korogwe na Mazinde. Mazinde ilikuwa ngome ya Semboja, mtoto wa Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Usambara aliyefariki mwaka 1862. Baada ya kifo hicho ufalme huo wa ukoo wa Wakilindi uliingia katika vita vya ndugu, na Semboja alifahamu jambo ambalo ndugu zake wa milimani walichelewa kulifahamu: mwenye njia ya tambarare ndiye mwenye bunduki. Kuanzia hapo msafara uliweza kufuata upande wa magharibi wa milima ya Upare, kando ya Ruvu, penye ukame na hofu ya Wamaasai. Au kupita upande wa mashariki, kwenye bonde la Mkomazi, penye vijito vinavyoshuka kutoka milimani na chakula cha kununua. Wengi walichagua mashariki. Hivyo Kihurio, Gonja na Kisiwani zikawa vituo. Gonja imetajwa katika vitabu vya Wazungu waliokwenda Kilimanjaro enzi hizo kwa sababu ndogo tu: hapo ndipo msafara ulipokula, ukanywa na kuoga.

Vituo hivi ndivyo vilivyokuwa Pangani ndogo za Upare. Mpagazi aliyeugua alibaki. Mfanyabiashara wa Kizigua au wa pwani alioa hapo, akajenga, akawa na watu wake. Watu wa milimani walishuka na ndizi, mahindi, miwa na tumbaku, wakapanda na nguo, shanga na chumvi. Kiswahili kilikaa kwenye tambarare hizo kabla ya shule yoyote, na Uislamu uliingia kimyakimya kwa njia ya ndoa, biashara na mavazi. Hadi leo ukizunguka milima kwa upande ule utaona misikiti imefuatana kama vituo vya msafara. Haikutokea kwa bahati.

Njia hiyo hiyo ilileta balaa. Kule Mbaga kuna mapango ya Mghimbi, na wenyeji wanasimulia kwamba watu walijificha humo wakati watekaji wa watumwa walipopanda milimani. Ugweno, upande wa kaskazini, mtawala Ghendewa alijaribu kuokoa utawala wake kwa kutafuta msaada wa wapiganaji wa Kichaga, na wageni wale wakaacha nyumba zilizoungua na watu waliochukuliwa. Si haki kuisimulia njia ya misafara kama maonyesho ya biashara na utamaduni tu. Kila tabaka jipya la watu lililofika Upare lilifika juu ya maumivu ya mtu mwingine, na baadhi ya waliokaa Pangani wakiitwa watumwa walikuwa wana wa milima hii.

Kabla ya njia hiyo, watu wa milimani wenyewe hawakuwa kitu kimoja. Hapa ndipo neno "Wapare" linapoanza kuleta shida. Watu wa sehemu kubwa ya milima hujiita Vaasu, na lugha yao ni Chasu. Jina Upare, kwa masimulizi ya wazee, lilitoka vinywani mwa majirani wa Kilimanjaro waliokuwa wakigombana nao. Watu wa Ugweno wana lugha yao, Kigweno, iliyo karibu zaidi na Kichaga kuliko na Chasu. Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyezaliwa katika milima hiyo na kuandika historia yake ya kisiasa mwaka 1969, alikusanya masimulizi ya koo moja baada ya nyingine, na karibu kila ukoo ulikuwa na mahali pengine ulipotoka: Taita, Usambara, Unguu, Uchagani. Hakukuta kabila lililoteremka kutoka kwa babu mmoja. Alikuta watu waliokimbilia milima ile ile kwa nyakati tofauti, wakafundishana kuishi.

Ugweno ilikuwa ya kwanza kujenga utawala mpana. Washana, wenye siri ya kuyeyusha chuma, ndio waliotangulia kutawala. Majembe na mikuki yao ilitafutwa hadi Uchagani. Kisha Wasuya, wakiongozwa na Angovi, waliwapindua, na mwanawe Mranga akaupanga utawala upya, akiitumia mshitu, jando la msituni, kuwafunga vijana wa koo mbalimbali katika utii mmoja. Kimambo aliyaweka mapinduzi hayo karibu na karne ya 16. Kusini mambo yalikuwa mengine: wafumwa, yaani watawala, wadogo wengi, kila mmoja na bonde lake, wenye nguvu ya kuita mvua kuliko ya kuamuru jeshi.

Wageni zaidi walikuwa Wambugu, wafugaji walioingia na lugha ya asili ya Kikushi. Wengi wao walihamia Usambara baadaye, na lugha yao imewashangaza wataalamu wa dunia nzima, kwani maneno yake mengi ni ya Kikushi ilhali sarufi ni ya Kibantu, iliyo karibu kabisa na Chasu. Mtaalamu wa Kiholanzi Maarten Mous aliiandikia kitabu kizima mwaka 2003. Maneno yamebaki ya mababu na mpangilio umekuwa wa majirani. Ushahidi wa watu kuishi pamoja na kukataa kumezwa hauwezi kuwa wazi kuliko huo.

Kilichowaunganisha watu hawa wote kabla ya bendera yoyote kilikuwa maji na kazi. Katika mabonde ya Upare kuna mabwawa madogo yanayoitwa ndiva, yanayokusanya maji ya kijito usiku ili yafunguliwe asubuhi kwa zamu. Ndiva inahitaji ukoo wa kuisimamia, mashahidi wa zamu, na msaragambo, yaani watu wote kutoka na majembe kuisafisha. Mtu wa ukoo uliokuja jana alipewa zamu kama aliingia katika msaragambo. Misitu mitakatifu, mpungi, ilikuwa na wenyewe, lakini mvua iliyoombwa humo ilinyesha kwa wote. Huu ulikuwa uraia wa milimani, na haukuuliza mtu ni kabila gani.

Wajerumani waliuliza. Katika sehemu za kaskazini mashariki walitawala kwa maakida, wengi wao watu wa pwani waliojua kusoma na kuandika Kiswahili, na hivyo mwenyeji wa milimani aliendelea kumwona mtu wa pwani mbele yake, safari hii akiwa na karatasi ya kodi mkononi. Upare wenyewe uligawanywa: kaskazini ilitazama Moshi, kusini ilitazama Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo. Lakini jambo lililobadilisha ramani ya watu kuliko amri yoyote lilikuwa reli.

Reli ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893. Ilifika Korogwe mwaka 1902, ikasogea Mombo na Buiko, na mwaka 1911 mataruma yakafika Moshi, kilomita 352 kutoka baharini. Tanga ilichaguliwa kwa sababu ya ghuba yake yenye kina. Pangani ilikuwa na kizuizi cha mchanga mdomoni mwa mto, na meli kubwa hazikuweza kuingia. Uamuzi huo wa wahandisi uliimaliza Pangani kama mji mkuu wa biashara ya bara. Ila wanaoisimulia Pangani mara nyingi husahau kwamba reli iliimaliza pia Pangani ya Upare. Kwa kuwa ilifuata bonde la mto, ilipita magharibi ya milima, upande ambao misafara iliuogopa. Hedaru, Makanya na Same, sehemu kavu zisizokuwa na mvuto, ghafla zikawa na stesheni. Kihurio, Gonja na Kisiwani, penye maji na historia, zikabaki nyuma ya mlima, na mizigo yao ikawa lazima izunguke.

Kwa hiyo mji wa Same ulizaliwa na treni, na kila kundi lilishuka na shughuli yake. Wahindi walijenga maduka ya mabati karibu na stesheni, wakauza nguo, mafuta ya taa na sukari, wakanunua mahindi, ngozi na nta. Wagiriki walikuwa wengi kati ya makandarasi wa reli za Wajerumani, na baada ya kazi hiyo baadhi yao waliingia katika kilimo cha mkonge. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika, majeshi ya Waingereza ya Jenerali Smuts yaliteremka kwa kufuata reli hiyo mwezi Mei 1916, Wajerumani wakirudi nyuma na kuvunja madaraja. Ndani ya majeshi hayo walikuwemo askari wa India, wa Afrika Kusini na wa Kiafrika. Mali za Wajerumani zilipouzwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, mashamba mengi ya mkonge ya kaskazini mashariki yaliangukia mikononi mwa Wagiriki, Wahindi na Waingereza.

Mkonge ulikuwa na watu wake. Katika tambarare za Upare, kama Kisangara, Makanya na Ndungu, ulihitaji mikono mingi, na mwenye shamba la migomba na maji ya ndiva hakuwa na hamu ya kwenda kukata mkonge kwa kipande. Wakaletwa watu wa mbali. Kambi za mkonge za ukanda huu zilijaa Wanyamwezi, Waha, Warundi, Wamakonde. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi maalumu ya kuwaandikisha vibarua hao wa mkataba, walioitwa manamba, iliyojulikana kwa kifupi cha SILABU. Wengi walirudi kwao mkataba ulipokwisha. Waliobaki ndio mababu wa watu ambao leo huitwa wenyeji wa Ndungu bila mtu kuuliza.

Wakati stesheni ikipanga watu kwa biashara, makanisa yaliwapanga kwa mabonde. Wamisioni wa Kilutheri wa Leipzig walianza Shigatini, Upare wa Kaskazini, mwaka 1900. Mwaka 1903 Wasabato wawili kutoka Ujerumani, Johannes Ehlers na A. C. Enns, walipewa nafasi Upare wa Kusini wakajenga kituo Giti, Mamba, wakakiita Friedenstal, "bonde la amani". Hicho ndicho kituo cha kwanza cha Wasabato katika Tanzania yote. Wakatoliki walipata Kilomeni. Walutheri walikuwa pia Gonja, Vudee na Mbaga, ambako Jakob Dannholz alikaa miaka kadhaa akisikiliza na kuandika imani za Vaasu. Kitabu chake cha 1916 kilikuja kutafsiriwa, na Wapare wanakitumia leo kujisomea mila ambazo Ukristo wenyewe ulizifuta. Msabato Ernst Kotz naye aliiwekea Chasu maandishi.

Kazi hii ya uandishi ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Ili kuchapa Injili, mmisioni alilazimika kuchagua lahaja moja na tahajia moja. Mtu wa Suji na mtu wa Usangi, waliokuwa wakichekana kwa matamshi, walijikuta wakisoma ukurasa ule ule. Kwa mara ya kwanza Chasu ilionekana kama lugha ya watu wamoja. Kigweno hakikupata bahati hiyo. Kanisani ilisomwa Chasu, shuleni Kiswahili, na kadiri miaka ilivyokwenda wazungumzaji wake wakabaki wazee. Misheni ile ile iliyoipa lugha moja maisha marefu iliinyima nyingine hewa, bila mtu yeyote kutoa amri.

Matokeo yake ni kwamba milima hii ina siku tatu za mapumziko. Waislamu wa Usangi, Ugweno na vituo vya zamani vya misafara wana Ijumaa. Mamba na Suji zinanyamaza Jumamosi, kwa sababu ni ngome za Wasabato. Shigatini na Mbaga zinapiga kengele Jumapili. Lakini anayedhani mabonde yametengana kwa dini aende kwenye msiba wa Usangi. Ndugu wa tumbo moja, mmoja Elibariki au Elirehema, majina ambayo Walutheri wa kaskazini wameyapenda kwa miaka mia moja, mwingine Rajabu au Hamisi, wanachimba kaburi pamoja, na ni nadra kusikia kwamba dini imevunja undugu. Mzazi aliyempeleka mtoto mmoja kwa mmisioni na mwingine kwa shehe hakuona anaugawa ukoo. Alikuwa anaweka mayai katika vikapu viwili wakati wa zama zisizotabirika.

Waingereza waliingia na wazo lao. Gavana Donald Cameron, aliyetawala Tanganyika kuanzia 1925 hadi 1931, aliamini kwamba kila Mwafrika ana kabila, kila kabila lina chifu, na serikali inapaswa kupitia hapo. Sheria ya mamlaka za wenyeji ilitoka mwaka 1926. Mwishoni mwa muongo huo kaskazini na kusini ziliunganishwa kuwa wilaya moja ya Pare, makao yake yakiwa Same, karibu na stesheni. Sasa Mgweno, Mwasu wa Chome, mjukuu wa Mzigua wa Kihurio na mtoto wa mpagazi wa Gonja wote waliandikwa Wapare, chini ya machifu tisa. Wengine walibaki pembeni ya daftari: Mhindi wa dukani alikuwa na sheria zake, Mgiriki zake, Mmaasai wa nyika aliambiwa wilaya yake iko ng'ambo ya mto.

Hapa uchambuzi mwingi wa enzi za ukoloni hukomea: mkoloni alibuni kabila, basi. Upare unadai hatua moja mbele, na hatua hiyo inaitwa mbiru.

Mbiru lilikuwa neno la wenyeji, la ushuru uliotolewa kwa mfumwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 serikali ililichukua na kulipachika kwenye kodi mpya, iliyoongezwa juu ya kodi ya kichwa na kupimwa kwa mali ya kila mtu. Machifu na wazee wao ndio waliokaa kukadiria: huyu ana ng'ombe wangapi, yule ana mibuni mingapi, binti wa fulani ameolewa kwa mahari gani. Kwa mtu wa nje lilionekana jambo la haki, tajiri alipe zaidi. Kwa mtu wa milimani ulikuwa upekuzi wa nyumba, tena uliopewa jina la heshima ya zamani ili umezwe vizuri. Ng'ombe mwenyewe mara nyingi hakuwa wa mtu mmoja. Alikuwa amewekwa kwa rafiki, ameahidiwa mkwe, ana deni la babu. Nani angemhesabu?

Januari 1945 maelfu ya watu walishuka Same. Walitoka Usangi na Ugweno, wakatoka Mbaga, Chome na Gonja, Waislamu, Walutheri, Wasabato na wanaotambika, wakakusanyika bomani na kusema hawatalipa kodi hiyo. Hawakuchoma kitu. Walikaa. Waliishi hapo kwa zamu kwa miezi, chakula kikiletwa kutoka milimani, kama vile ndiva inavyosimamiwa kwa zamu. Na hapo ndipo umbo la kazi ya kale linapoonekana ndani ya siasa mpya. Mji uliojengwa kwa ajili ya stesheni, boma na maduka ukageuka kwa muda kuwa uwanja wa msaragambo mkubwa kuliko wote.

Wanaume wakiwa Same, mashamba yalibaki kwa wake zao. Katika kipindi hicho hicho wanawake mia kadhaa wa bonde la Mamizi waliandamana hadi Usangi kumkabili ofisa wa serikali. Mtafiti Jean O'Barr, aliyezungumza baadaye na walioshiriki, ameandika walichomwambia: ama amalize shauri hili ili waume zao warudi nyumbani, ama yeye mwenyewe awape mimba. Katika nchi ambayo mwanamke hakutarajiwa kusimama barazani, kauli hiyo ilimvua ofisa heshima yake mbele ya watu. Haikuwa matusi ya hasira. Ilikuwa hesabu: kodi imewachukua wanaume, na bila wanaume hakuna ukoo, na bila ukoo hakuna wa kutozwa kodi.

Kufikia 1947 serikali ilikuwa imeiacha mbiru. Umoja wa Wapare ulikuwa umekwisha zaliwa kutokana na vuguvugu hilo, na baadaye wengi wa watu wake waliingia chama cha TANU bila kujiuliza mara mbili. Wapare kama jina la fahari, jina ambalo Mgweno na Mwasu wanaweza kulitaja pamoja mbele ya wengine, waliliokota hapo chini Same. Mkoloni aliliandika katika daftari la kodi. Wao walilijaza maana walipokataa kulipa. Katika hili Upare unatofautiana na Pangani ya 1888. Kule kila tabaka liliingia uasini likitaka cheo cha tabaka jingine, na umoja ukavunjika baada ya wiki chache. Huku watu wa asili nyingi zaidi walikuwa na desturi ya kale ya kugawana maji, na wakaitumia.

Ila umoja huo ulikuwa na ukingo. Waparakuyo, Wakamba na Wamaasai waliochunga katika nyika ya mashariki hawakuhesabiwa sana, si na serikali wala na majirani zao wa milimani. Mwaka 1951 nyika hiyo ikawa Pori la Akiba la Mkomazi. Baadhi ya familia za Waparakuyo ziliruhusiwa kubaki kwanza, lakini mwaka 1988 wafugaji wote waliondolewa na ng'ombe wao. Walikwenda mahakamani miaka ya 1990 wakidai kwamba nao ni wenyeji, na mahakama haikuwarudisha. Mwaka 2008 Mkomazi ikawa hifadhi ya taifa. Yeyote anayesifu mchanganyiko wa Same anapaswa kuutazama pia mpaka huu: watu waliochunga humo kwa vizazi walipoteza nchi kwa sababu hakuna jina la wilaya lililowabeba.

Wahindi wengi wa maduka ya stesheni waliondoka hatua kwa hatua baada ya Azimio la Arusha la 1967 na kutaifishwa kwa nyumba za kupangisha mwaka 1971. Wagiriki wa mkonge walikuwa wametangulia. Wilaya ya Pare iligawanywa, kaskazini ikawa Mwanga, kusini ikabaki Same, na hivyo mstari wa Wajerumani ukarudi kwa namna nyingine. Treni ya abiria ilikaa miaka mingi bila kupita, ikarejea Desemba 2019.

Upande wa mashariki, barabara inayotoka Same kupitia Kisiwani, Gonja na Ndungu hadi Mkomazi, ile ile iliyokuwa njia ya misafara, imekuwa ikidaiwa lami bungeni na kwenye kampeni kwa miaka. Zao linaloifanya idaiwe ni tangawizi ya Mamba Miamba, inayolimwa karibu na ilikokuwa Friedenstal. Inapovunwa, magunia hushuka Gonja mgongoni na kwa pikipiki, na hapo wanunuzi kutoka Dar es Salaam, Tanga na Mombasa wanaipima. Wakulima wanashauriana bei kwa Chasu, wanageuka na kuitaja kwa Kiswahili, na siku ya Jumamosi mizani inalala.